Mapumziko ya Wawili na Mipaka Yake

Tarehe 5 Julai 1841 seremala mmoja wa Kibaptisti, Thomas Cook, aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, nauli shilingi moja kwenda na kurudi. Hawakuwa wanakwenda kula maisha. Walikwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Kampuni iliyokuja kubeba jina lake, na kwa kiasi kikubwa biashara nzima ya safari za kupangiwa nchini Uingereza, ilichipukia hapo, kwenye katazo. Leo mume na mke wa Birmingham au Glasgow wakitaka kutoka nyumbani kwa siku mbili huoneshwa kinyume chake: beseni la maji moto uani, kifungua kinywa mpaka karibu na adhuhuri, kukandwa mgongo, mvinyo chumbani, na mamia ya nyumba za kuchagua kuanzia Cornwall hadi Skye. Swali wanaloulizwa ni wapi kuna raha zaidi. Naona swali hilo limekaa vibaya, na kwamba kosa lake ni la kifalsafa kabla ya kuwa la kibiashara. Wawili hupumzika wanapoukubali kwa pamoja mpaka ambao hakuna kati yao aliyeuweka. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kwenda na mwenziwe angefanya vyema kuuliza kwanza mahali hapo panawazuia nini.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na walikuwa wanamsema mvivu. Lakini kuchagua kuna ubaya mwingine unaojitokeza watu wanapokuwa wawili. Aliyechagua hugeuka mwenyeji, na mwenziwe hugeuka mgeni anayepima huduma. Chukua Seathwaite, kijiji cha Cumbria kwenye wilaya ya maziwa, mahali panapohesabiwa kuwa na mvua nyingi kuliko vijiji vyote vya England, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Mvua ya huko haina nia na mtu. Ila ikinyesha siku mbili mfululizo juu ya wawili ambao mmoja wao alikesha akilinganisha bei na picha, huwa mvua yake yeye. Atajitetea kwa kutabasamu kupita kiasi, atapendekeza jumba la makumbusho, ataomba radhi kwa godoro. Mwenziwe naye, kwa upendo, atadai kwamba amefurahi. Wote wawili wameshaingia kazini: mmoja anauza, mwingine anatoa ushuhuda. Na kadiri vya kuchagua vinavyokuwa vingi, ndivyo kila kilichoachwa kinavyobaki mezani kama lawama.

Dini zilielewa hili mapema. Sabato haikuletwa kama ushauri wa afya. Ni amri, tena imejengwa kwa makatazo: Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi, imeorodhesha aina 39 za kazi zisizoruhusiwa, kuanzia kulima na kufuma hadi kuwasha moto na kuuzima. Mtu akiipitia orodha hiyo haraka haraka ataona gereza. Lakini ndani ya nyumba inayoishika Sabato, usiku wa Ijumaa ndio hasa ambao mapokeo ya Kiyahudi huwahimiza mume na mke kukutana. Kazi imezuiwa, biashara imezuiwa, safari imezuiwa, wao hawakuzuiwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza mume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe shughuli yoyote kwa mwaka mmoja, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Angalia amri hiyo ilivyopangwa: haimwelekezi pa kwenda, inawakataza wengine wasimwite. Fungate ya jadi kwenye pwani yetu ilikuwa hivyo hivyo. Siku saba ndani, chakula kinaletwa, somo wa bibi harusi anaingia na kutoka, wala hakuna aliyewauliza maharusi wangependa kupunga upepo wapi. Nayo Qurani, katika Sura Rum aya ya 21, inautaja utulivu kabla ya mapenzi na huruma, na inauweka kwa mwenzi mwenyewe. Mahali hapatajwi.

Msomaji Mwislamu ana haki ya kunisimamisha hapa. Ijumaa si Sabato. Sura Jumua inawaruhusu waumini kutawanyika mara swala inapokwisha, wakatafute fadhila za Mola wao. Na itikafu, ambayo ndiyo hasa kujitenga kwa ibada, inamtaka mtu ajiepushe na mkewe. Basi mpaka wa kidini umewatenga wawili badala ya kuwakutanisha. Nakubali nusu ya hoja. Kujitenga kwa ajili ya Mungu na kujitenga kwa ajili ya mwenzi ni mambo mawili, na anayeyachanganya hukosa yote. Lakini aya inayotangulia ile ya kutawanyika inaamuru kuacha biashara wito unaposikika, na mfanyabiashara hakuchagua saa yenyewe. Mpaka ni mfupi, ila umetoka nje yake. Hicho ndicho ninachokitetea; urefu wake ni jambo jingine.

Katika Uingereza ya leo sijui mahali panapoonesha jambo hili waziwazi kuliko Lindisfarne, kisiwa cha pwani ya Northumberland. Mtawa Aidan alifika huko kutoka kisiwa cha Iona mwaka 635 akaanzisha monasteri. Cuthbert, aliyekuja baadaye, aliona hata hapo pana watu wengi, akahamia kisiwa cha Inner Farne na kujijengea makao yenye ukuta uliopita kimo cha mtu, ili, kama mwanahistoria Bede anavyosimulia, asione kitu ila mbingu. Hakuna wanandoa wanaopaswa kumwiga huyo. Ila kisiwa chenyewe bado kina ukuta wake. Barabara ya kuingilia hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na jedwali la saa salama za kuvuka limebandikwa pande zote mbili. Kando ya njia kuna kibanda cheupe cha mbao juu ya nguzo ndefu, kina ngazi, kwa ajili ya wale walioamini kwamba gari lao litawahi. Aliyezaliwa Lamu au Kilwa hahitaji kufundishwa tofauti ya bamvua na maji mafu; wageni wengine wa Lindisfarne hujifunza wakiwa juu ya kibanda, wakilitazama gari likijaa maji ya chumvi. Maji yakishajaa, wawili waliopanga kulala wamebaki na wanakijiji wasiofika mia mbili. Hakuna wa kupendekeza kwamba wakale chakula cha jioni mjini Berwick, ng'ambo ya maji. Hakuna wa kujuta kwamba hawakwenda. Uamuzi umefanywa na mwezi, ambao haulaumiki, na saa tano au sita zijazo hazina mwenyeji wala mgeni.

Linganisha na mji wa Bath. Maji ya huko hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, na Warumi waliyajengea mabirika kwa ajili ya starehe ya mwili, pamoja na hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva. Wachimbuaji wamekuta chemchemini vibati vipatavyo 130 vya risasi na bati, vimeandikwa maapizo na kutumbukizwa majini. Sehemu kubwa ni malalamiko ya wizi: joho, glavu, vijisenti. Mtu mmoja, Docilianus, anamsihi mungu huyo amnyime usingizi na watoto yeyote aliyemwibia joho lake lenye kofia, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, mpaka lirudishwe hekaluni. Sisemi kwamba maji ya moto huleta wizi. Nasema starehe inayoongezwa juu ya starehe huja na kitu cha kulinda, na anayelinda hajapumzika. Jane Austen, aliyeishi mjini humo kati ya 1801 na 1806, aliiweka Bath katika riwaya zake kama mahali pa watu kutazama nani anatembea na nani. Mji ni mzuri, mawe yake ya rangi ya asali hayana mfano, na wawili wanaweza kufurahi sana huko. Kufurahi na kupumzika vinatangazwa pamoja, ingawa mara nyingi kimoja hukila kingine.

Je, si udikteta huu, kuwataka watu wapende vizuizi? Swali hilo limejadiliwa kwa uchungu kwenye kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Scotland, ambako makanisa ya Kipresbiteri yalifanya Jumapili iwe siku ya ukimya hata watu wasianike nguo. Feri ya kwanza ya Jumapili ya ratiba kati ya Stornoway na Ullapool ilisafiri Julai 2009, baada ya miaka ya upinzani. Mkazi asiye na imani hiyo, mwenye mama mgonjwa bara, alikuwa na kila sababu ya kuitaka feri, nami ningekuwa upande wake. Mpaka anaowekewa mtu asiyeuridhia ni amri ya wengine juu ya maisha yake. Lakini mgeni anayekwenda Lewis kwa hiari akijua Jumapili ilivyo, kisha akanung'unika kwamba milango mingi imefungwa, amekwenda kutafuta asichokitaka. Ridhaa ya awali ndiyo inayobadilisha kifungo kuwa pumziko, na ridhaa hiyo lazima itoke kwa wote wawili, mmoja mmoja. Kuchagua hakukwepeki, basi. Angalau mara moja mtu atachagua. Tofauti ni kama anachagua mlolongo wa chaguzi nyingine au mwisho wake.

Kuna mpaka wa aina nyingine ambao haufai kabisa, nao ndio unaouzwa kwa bei kubwa: faragha. Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth alipinga reli isifike Windermere, kwenye ile wilaya ya maziwa, akidai kwamba uzuri wa maziwa unahitaji jicho lililofunzwa, na kwamba umati wa wafanyakazi kutoka miji ya viwanda usingefaidika nao. Reli ilifika 1847. Alikuwa anautetea utulivu, ila kwa ukuta uliowazuia wengine huku yeye akizurura atakavyo. Mwaka 1932 mamia ya watembezi waliingia bila kibali kwenye mlima Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na watano kati yao walifungwa jela; mwaka 1951 eneo hilo hilo la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Hoteli ya kifahari inayouza kutokuwepo kwa watu wengine inamrithi Wordsworth. Haimzuii mgeni wake chochote. Maji ya Lindisfarne humzuia mwenye gari la kifahari sawasawa na anayetembea peku kufuata nguzo za njia ya mahujaji.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka jikoni. Kibanda cha shambani kwenye bonde la Yorkshire, kilichopangwa kwa siku tatu, kina jiko, sufuria, na swali la nani atapika. Mara nyingi jibu linajulikana kabla ya kufungasha, na mapumziko huwa ya mmoja. Wakienda hoteli, kazi imehamia kwa anayetandika vitanda. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, haikuliacha hilo: mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri. Waafrika Mashariki walioko Uingereza hawahitaji tafsiri ya aya hiyo; wamo miongoni mwao wanaosafisha vyumba na wanaotunza wazee kwa zamu za usiku na za wikendi. Tangu Oktoba 2024 sheria inawalazimisha waajiri wa England, Scotland na Wales kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kuikata, jambo jema, ila bakshishi si siku ya mapumziko. Kwa wawili ambao zamu zao zinapishana, mmoja akiingia mlangoni mwingine akitoka, ushauri wangu hauhitaji safari. Likizo ya malipo ya wiki 5.6 ni haki yao kisheria. Waombe siku mbili zile zile, wapike pamoja siku moja kabla, kama chakula cha Sabato kinavyopikwa Ijumaa jua likiwa bado juu, na wawaambie jamaa kwamba hawapatikani. Ugumu wao uko hapo mwisho, maana ndugu wa nyumbani hawana jedwali la maji.

Hoja hii haimfai kila mtu. Imechukulia kwamba wawili wako salama mmoja mikononi mwa mwenziwe. Yuko mume, yuko mke, ambaye kubaki peke yake na mwenziwe pasipo njia ya kutoka ni hatari, na ambaye ahadi ya utulivu huko mbali inaweza kuwa namna ya kumtenga na wanaomjua. Ridhaa ya mtu aliye na hofu haihesabiki, hata akiitamka kwa mdomo wake. Huyo, akialikwa mapumzikoni, akatae kisiwa. Aseme mjini, karibu na stesheni yenye treni za kila saa, na tiketi yake ya kurudi akae nayo mwenyewe.