Tawi jipya, deni la zamani: tajiri ni nani?

Dodoma ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu Serikali ilipohamia huku maduka makubwa yamekuwa yakiongezeka. Vijana wengi ninaozungumza nao wanatamani siku moja wamiliki supamaketi yenye matawi. Si jambo baya. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifanya biashara. Lakini tujiulize: mali iliyojaa rafuni kwa yule tunayemwita tajiri ni ya nani?

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Nakumatt ilianza Nakuru, Kenya, kwa familia ya Shah kuuza magodoro. Jina lenyewe limetokana na Nakuru Mattress. Chini ya uongozi wa Atul Shah ilifikia matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Kwetu iliingia Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite. Wengi waliona huo ndio mfano wa kuigwa.

Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu, kwa kuwa wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta bidhaa. Januari 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliikabidhi kampuni kwa msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalipita shilingi bilioni 30 za Kenya.

Ilikuwaje? Supamaketi humuuzia mteja kwa fedha taslimu, lakini bidhaa huichukua kwa mali kauli. Mkate uliouzwa asubuhi fedha yake imeshaingia, ilhali mwoka mkate anaambiwa asubiri siku 60 au 90. Kwa muda huo fedha ya mwoka mkate imo mikononi mwa mwenye duka. Akifungulia tawi jingine, nalo litajazwa mali kauli, na mauzo yake ndiyo yatakayolipa deni la tawi la kwanza. Mauzo yakipungua, kila kitu kinasimama.

Watakuwepo wa kusema Nakumatt ilipata misiba. Ni kweli. Septemba 2013 magaidi walishambulia jengo la Westgate, Nairobi, na tawi lake la humo likaharibiwa. Nia ya mtu pia anaijua Allah peke yake. Hata hivyo, nyumba iliyojengwa kwa fedha za watu haina akiba ya kupokea msiba.

Wengine watasema mali kauli ni desturi yetu ya biashara. Nakubali. Kukopa si haramu, na siku 90 zilizokubaliwa zikiheshimiwa hakuna aliyedhulumiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Aya ya 280 inatuagiza tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Sasa je, anayefungua tawi jipya yumo katika dhiki? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye uwezo anapochelewesha deni anafanya dhulma. Kwa maoni yangu, utepe unaokatwa kwenye tawi jipya ni ushahidi wa uwezo. Aliyepata fedha ya vigae na majokofu alikuwa nayo ya kumlipa mleta mayai.

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu sisi wa nyanda za kati. Mkamuaji mdogo wa alizeti wa hapa Dodoma au Singida anaponyimwa fedha yake na kuambiwa "njoo mwezi ujao" mara tatu, hasara yake si ya kusubiri tu. Alizeti huvunwa kwa msimu. Asipokuwa na fedha wakati wa mavuno, mbegu zitanunuliwa na wengine, na mashine yake italala mpaka mwaka unaofuata. Hana mwanasheria, na akidai kwa sauti mafuta yake yataondolewa rafuni. Huyu mnyonge ndiye benki ya tajiri, na hakupewa dhamana yoyote.

Nasi tuna sehemu yetu. Mfanyabiashara akileta magunia ya futari msikitini tunamkalisha mbele na kumwombea dua, hatuulizi kama waliomletea mchele huo wamelipwa. Sadaka ni hiari, deni ni wajibu. Hiari haiwezi kutangulia wajibu, hata ikiwa imepigwa picha.

Basi kila mwenye duka ajipime kwa swali hili: leo nikifunga milango na kumlipa kila anayenidai, nitabaki na nini? Kitakachobaki ndicho utajiri wake. Kilichozidi hapo ni amana za watu. Na anayetaka kufungua tawi la pili hapa Dodoma, kabla ya kutafuta kiwanja, ampigie simu mkamuaji wa alizeti aje achukue fedha yake.