Kujitenga ili Kujifunza

Mwalimu mmoja wa huku Mbuji aliniuliza: Je, ni haki mtu kuacha shamba na wagonjwa wake, akajitenga miezi mitatu apate kujifunza kazi mpya? Maana wazee wamekwisha kumwita mvivu.

Sikumjibu upesi. Nilimkumbuka Johannes Rebmann wa Württemberg, aliyefika Mombasa mwaka 1846. Huyu alikaa Rabai miaka mingi akikusanya maneno, hata na maneno ya watu wa Ziwa Nyasa, ziwa hili letu ambalo hakuliona kamwe. Aliyemfundisha ni mtumwa, jina lake Salimini, aliyeondolewa kwao Nyasa akapelekwa pwani. Kamusi yao ilipigwa chapa mwaka 1877. Rebmann alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, naye alikuwa amepofuka.

Waliobatizwa Rabai siku zake walikuwa wachache, na kwa hiyo wengine walimlaumu. Mimi simlaumu kwa kamusi. Lakini namfikiri Salimini: yeye hakuchagua kuwako pale. Utulivu wa mwanafunzi hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo haulizwi.

Basi nikamwuliza mwalimu: Katika ngoro zako, wewe hukata majani na kuyapanga, na mkeo huyafukia kwa udongo. Miezi hiyo mitatu majani atakata nani? Umemwuliza mkeo?

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Bado, mchungaji." Akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.