Kanda la Usufi

Nahodha aliyekumbwa na dhoruba hutosa shehena baharini ili chombo kisizame, na sheria ya kale ya bahari, tangu zama za Warumi, iliamuru hasara hiyo igawanywe baina ya wote ambao mali yao imeokoka. Waliotunga sheria hiyo walijua jambo ambalo msafiri wa nchi kavu huelekea kulisahau: chombo kikipunguziwa uzito, yupo aliyelipa. Suali la nani alipaye ndilo linalostahili kuulizwa juu ya safari za miguu za masafa marefu, ambazo kwa miaka thelathini na ushei sasa zimeufanya wepesi wa mzigo kuwa karibu sawa na uadilifu.

Wapenzi wa wepesi huanza safari yao jikoni. Huweka mizani mezani, wakapima kila kitu kwa gramu: sufuria, kijiko, soksi, hata mswaki, ambao baadhi yao huukata mpini. Wanaowaona huwacheka, na pwani ipo methali iliyo tayari kwa ajili yao: mchagua jembe si mkulima. Lakini kicheko hicho kina haraka. Njia iitwayo Pacific Crest Trail, itokayo mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada kupitia milima ya magharibi mwa Marekani, ina urefu wa takriban kilomita 4,270, na anayeimaliza kwa msimu mmoja aghalabu hutembea miezi minne au mitano. Katika mwendo kama huo kilo moja isiyo na kazi si kilo moja tu. Hunyanyuliwa upya kwa kila hatua, na magoti ndiyo yanayoandika deni. Mkulima huchagua jembe moja akaenda shamba. Huyu hulima na majembe yake yote yakiwa mgongoni.

Aliyeifanya hesabu hii kuwa mashuhuri ni Mmarekani Ray Jardine, mhandisi na mkwea majabali, kwa vitabu alivyovitoa katika miaka ya 1990. Alijishonea vifaa vyake mwenyewe. Aliacha hema akachukua turubai, akaacha mfuko wa kulalia akachukua mfarishi wa kujifunika, akaacha mabuti akavaa viatu vyepesi. Hoja yake ilikuwa kwamba wepesi huzaa wepesi: vitu vikipungua, shanta lenyewe halihitaji kuwa nzito, na mguu usiobeba mzigo mkubwa hauhitaji kiatu cha askari. Waliomfuata waliweka kikomo. Vifaa vyote, ukiondoa chakula, maji na mafuta ya jiko, visizidi ratili 10, yaani kama kilo 4.5. Kikomo hicho ni cha kubuni tu, na wanaokiabudu wamekosea njia.

Kwani uchaguzi wenyewe hauna jawabu moja. Mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya laini ya bata bukini hutoa joto jingi kwa uzito mdogo, na hushindilika ukaenea kwenye pembe ya shanta. Ukilowa, manyoya hugandamana na joto likatoweka. Ule wa nyuzi za kiwandani ni mzito zaidi, lakini hata ukiwa na unyevu hubakiza sehemu ya joto lake. Turubai lililosimamishwa kwa fimbo za kutembelea huokoa uzito wa hema zima, ila humdai mwenyewe ajue upepo wa usiku utatoka upande gani na maji yataelekea wapi. Kila kilichoondolewa mgongoni huhamia kichwani kwa sura ya maarifa. Watu wa visiwani watafurahi kusikia kwamba kitambaa kinachosifiwa kuliko vyote kwa maturubai hayo kilianzia baharini, katika matanga. Jina lake la awali, Cuben Fiber, linatokana na America³, mashua ya mashindano iliyotwaa Kombe la Amerika mwaka 1992. Ni chepesi mno, na bei yake si ya kila mtu. Kwa upande mwingine, jiko lililotengenezwa kwa kopo la soda na kuwashwa kwa spiriti huchemsha maji vizuri, na halimgharimu mtu ila subira.

Maarifa hayo hayauzwi pamoja na kifaa. Hupatikana kwa kujaribu, na mwenye kujaribu kwa dhati hulala nje usiku wa mvua, hatua chache kutoka mlango wa nyumba yake, akaona maji yanapenyea wapi. Kisha hutembea siku mbili tatu na shanta lililojaa kama la safari yenyewe. Arudipo humwaga kila kitu sakafuni akakigawa mafungu: vilivyotumika kila siku, vilivyotumika mara moja, na visivyoguswa kabisa. Fungu la mwisho ndilo lenye mafunzo. Humo huwamo suruali ya tatu, kisu cha pili, na akiba ya akiba. Yaani hofu ya mtu, imekunjwa vizuri na kutiwa mfukoni. Ni heri ibaki nyumbani.

Lakini humo humo huwamo bendeji, dawa ya kuharisha na nguo ya joto ambayo jua la siku zile mbili halikuihitaji, na hapo mizani inataka adabu. Kitu kutoguswa si ushahidi kwamba hakina kazi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, mawe yasiyouzwa wala kuliwa, kwani chombo kilicho chepesi kupita kiasi hupinduka. Anayeacha koti la mvua kwa kutumaini kwamba wenzake watakuwa nalo hajaupunguza mzigo wake. Ameuhamisha. Pengine utamwangukia mwenzake atakayempa nusu ya blanketi, pengine waokozi watakaopanda mlima usiku wa manane kumtafuta mtu ambaye asubuhi alijivunia gramu zake.

Mfano wa Emma Gatewood hutajwa sana na wapenzi wa wepesi, na ni mfano mgumu kuliko wanavyoupa sura. Mwaka 1955 bibi huyu wa Ohio, mwenye umri wa miaka 67, mama wa watoto 11, aliitembea peke yake Appalachian Trail kutoka Georgia hadi kilele cha Katahdin huko Maine, njia iliyokuwa na kilomita zipatazo 3,300 wakati huo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa msimu mmoja. Alivaa raba. Alibeba mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe, akiutupia begani, na ndani yake mlikuwa na blanketi, koti la mvua, vyakula vikavu na pazia la plastiki la bafuni lililokuwa paa lake. Hayo husimuliwa. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa. Alipotea katika misitu ya Maine, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa msitu wakamshauri arudi kwao. Wala hausemwi sana mchango wa wenye nyumba za kandokando ya njia, waliompa chakula na mahali pa kulala, au waliomfungia mlango.

Je, bibi huyo aliwabebesha wengine mzigo wake? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini alibisha hodi, akaomba kwa kinywa chake, na aliponyimwa alilala juu ya majani, na asubuhi akaendelea. Mgeni wa namna hiyo humwachia mwenyeji hiari ya kutoa au kukataa. Waokozi hawana hiari hiyo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili, na usufi ni mwepesi kwa anayeutazama tu. Methali hii yapata maana yake kamili kwenye malango ya Kilimanjaro. Mgeni hupanda na kifuko kidogo chenye maji na kamera, akiwa mwepesi kuliko hata wanafunzi wa Jardine, na nyuma yake, au mara nyingi mbele yake, wapagazi hupita na mahema, majiko, meza na viti. Kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizani imo langoni. Kazi hiyo ni riziki, na si haki kuifanya aibu. Hata hivyo wapo wapagazi waliokufa kwa baridi mlimani humo, nao hawakuwa wamechagua nguo zao kwa kulinganisha gramu. Walivaa walichokuwa nacho. Mgeni anayejua kupunguza vitu vyake afanye hesabu hiyo hata pale goti linaloumia si lake. Hapo ndipo itakapojulikana kama aliyapenda maarifa au aliupenda mgongo wake tu.

Ng'ambo ya Unguja, Bagamoyo iliijua hesabu hiyo zamani. Katika karne ya 19 mpagazi aliyeshuka na pembe kutoka Unyamwezi aghalabu alibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na juu yake mkeka wake, chungu na chakula. Kila alichokiongeza alikilipia kwa shingo yake. Basi hapana shaka watu wa misafara walikuwa wajuzi wakubwa wa nini cha kuacha, na kwa hiyo inafaa kukumbuka walichokataa kukiacha.

David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringisha katika gome la mti, wakaushonea kitambaa cha tanga na kuufunga kwenye mti ili watu wawili waweze kuuchukua. Haukuwa mzigo wenye kuuzika. Haukulika, haukuvalika, na njiani ulikuwa hatari, hata ikabidi baadaye wauviringishe upya ufanane na robota la nguo. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, ambaye aliwashauri wamzike pale pale. Ushauri huo ulikuwa wa akili na ungewaokoa na majuma mengi ya taabu. Waliukataa. Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi karibu tisa, waliingia Bagamoyo na mzigo wao. Mwili ulivushwa hadi Unguja, na waliouchukua wakalipwa ujira wao na kuachishwa kazi.