Adabu za Shabiki Anayeifuata Bendi Ughaibuni

Shabiki anayevuka mipaka kwenda kuitazama bendi yake ya roki anadaiwa haki saba: ya familia yake, ya wenyeji, ya mlango, ya jirani ukumbini, ya wanamuziki, ya mwili wake, na ya mashabiki wenzake wasioweza kusafiri. Mapenzi kwa bendi, hata yakiwa makubwa namna gani, hayafuti hata moja kati ya hizo. Anayezitimiza hupokewa vizuri popote aendako, na huwaachia njia njema watakaokuja nyuma yake.

Mfano wa kujifunzia ni Grateful Dead, bendi iliyoundwa California mwaka 1965 na kuzunguka majukwaani kwa miaka 30. Wafuasi wake, waitwao Deadheads, waliifuata mji kwa mji, wengine kwa miezi mfululizo, na baadhi yao wakaifuata hadi Misri. Katika historia yao mna ukarimu wa kuigwa na mna makosa ya kuepukwa.

Haki ya kwanza ni ya familia. Safari ya starehe hugharimiwa kwa akiba. Ada ya shule, kodi ya nyumba na madeni ya watu hulipwa kabla ya tiketi kukatwa, na anayeondoka huwaachia wa nyumbani ratiba yake na anwani ya mahali atakapolala. Nyaraka nazo hushughulikiwa mapema. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe halali kwa miezi sita mbele, na anayeomba viza ya Schengen hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Tiketi ya onyesho haimpi mtu ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Kwa hiyo viza itangulie, malipo yasiyorudishwa yafuate. Mbele ya ofisa wa uhamiaji msafiri aseme wazi kwamba anakwenda kwenye tamasha. Hiyo ni sababu halali ya safari, ilhali uongo mdogo hapo huweza kumfungia milango kwa miaka.

Haki ya pili ni ya wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Grateful Dead waliutimiza usemi huo walipopiga muziki karibu na sanamu kuu ya Sphinx huko Giza, usiku wa tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978. Mapato waliyaacha Misri, kwa idara ya mambo ya kale na kwa shirika la hisani. Jukwaa walilishiriki na Hamza El Din, mwanamuziki Mnubi, na waimbaji wa Kinubi waliopiga matari na makofi. Wamarekani wakajiunga nao kidogo kidogo, wakiufuata kwanza mdundo wa wenyeji. Shabiki hupaswa kuingia ugenini kwa adabu hiyohiyo. Ajifunze salamu za mahali, ajue mavazi yanayokubalika nje ya ukumbi, aheshimu saa za ibada, na asome sheria za pombe na dawa za kulevya kabla ya kupanda ndege. Jambo linalosamehewa kwao huenda likawa kifungo huko aendako.

Takriban miaka kumi baada ya onyesho la Misri, adabu hii ilidhoofika nyumbani kwa Deadheads wenyewe. Bendi ilipopata wimbo uliovuma mwaka 1987, mara nyingine watu waliofurika maegeshoni nje ya ukumbi walikuwa wengi kuliko viti vilivyokuwa ndani. Wakazi walilalamikia takataka, kelele na watu waliolala ovyo barabarani, na baadhi ya kumbi zikakataa kuipokea bendi tena. Kufikia mwaka 1989 wanamuziki walilazimika kuwaandikia mashabiki wao, wakiwaomba wasio na tiketi wabaki nyumbani. Mwenye mji hamjui shabiki mmoja mmoja. Humjua kwa kundi lake. Ndiyo maana takataka ya mmoja huhesabiwa kuwa ya wote, na kila msafiri analinda au anaharibu jina la wenzake.

Haki ya wenyeji huwafikia hata wafu wao. Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors, alifariki Paris mwaka 1971 na kuzikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Kwa miaka mingi mashabiki kutoka nchi za mbali waliandika jina lake na majina yao juu ya makaburi ya jirani, na sanamu ya kichwa iliyowekwa kaburini pake iliibwa mwaka 1988. Familia zenye ndugu waliozikwa pembeni hazikuwa na hatia yoyote. Anayezuru kaburi au nyumba ya msanii asiandike kitu, asing'oe kitu, na akumbuke kwamba pembeni kuna watu wenye huzuni yao au maisha yao ya kila siku.

Haki ya tatu ni ya mlango, yaani tiketi. Tiketi inunuliwe kwa muuzaji anayetajwa na bendi yenyewe. Kununua kwa mlanguzi ni kumpa mtaji wa kuwaumiza wengine kesho, na ugenini ni hatari zaidi, kwa kuwa anayegundua langoni kwamba tiketi yake ni bandia hana pa kushtaki kabla ya ndege kuondoka. Japani ilitunga sheria, inayotumika tangu Juni 2019, ya kumwadhibu anayelangua tiketi kwa bei iliyozidi ya awali. Mwenye tiketi ya ziada aiuze kwa bei aliyonunulia au aitoe bure. Deadheads walikuwa na desturi nzuri katika hili: aliyekosa tiketi alisimama nje na kidole kimoja juu, na mara nyingi mtu asiyemjua alimpa ya bure. Kilichotolewa namna hiyo kiliitwa muujiza.

Anayekosa kabisa hurudi alikotoka. Tarehe 2 Julai 1995, huko Deer Creek katika jimbo la Indiana, maelfu ya watu wasio na tiketi waliangusha uzio na kuingia kwa nguvu. Onyesho la siku iliyofuata lilifutwa kwa sababu ya usalama. Walioadhibiwa ni waliolipa, na miongoni mwao wamo waliokuwa wamesafiri siku nyingi. Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi, alifariki tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, na nafasi ile haikurudi tena. Aliyevunja uzio aliwaibia mashabiki wenzake kitu kisichoweza kulipwa.

Haki ya nne ni ya jirani ukumbini, na hii ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu inagusa uhai. Tarehe 3 Desemba 1979 huko Cincinnati, watu 11 walikufa kwa msongamano mlangoni kabla ya onyesho la bendi ya The Who, ambako wengi walikuwa na tiketi zisizo na viti maalumu na kila mmoja aliwania kutangulia. Tarehe 30 Juni 2000, katika tamasha la Roskilde nchini Denmark, vijana tisa walipoteza maisha mbele ya jukwaa wakati bendi ya Pearl Jam ikipiga, na wengi wao walikuwa wametoka nchi nyingine. Katika umati mkubwa anayesukuma nyuma haoni anayebanwa mbele. Kwa hiyo shabiki asisukume hata kama wote wanasukuma. Aliyeanguka ainuliwe mara moja na walio karibu, na anayeomba kutoka apishwe. Mabaunsa wakisema umati urudi nyuma, watu warudi bila kubishana.

Adabu ndogo hufuata hapo. Foleni ifuatwe kama wenyeji wanavyoipanga. Mwili wa mtu usiguswe kwa kisingizio cha msongamano, na hili ni haki ya mwanamke hasa. Simu isinyanyuliwe juu kwa nyimbo nzima ikamziba wa nyuma. Nchini Japani wasikilizaji wanajulikana kwa kunyamaza kati ya wimbo na wimbo. Mgeni anayepayuka huko anawaharibia.

Haki ya tano ni ya wanamuziki. The Beatles walifanya ziara yao ya mwisho mwaka 1966, na miongoni mwa sababu za kuacha ni mayowe yaliyowazuia hata kujisikia wenyewe wakipiga. Shangwe ina wakati wake, na kusikiliza ni heshima kubwa zaidi. Kitu kisirushwe jukwaani, na msanii asifuatwe hotelini wala mezani anapokula. Akikutwa njiani, salamu fupi na shukrani zinatosha. Kuhusu kurekodi, kila bendi ina kanuni yake: Grateful Dead waliwatengea mashabiki wanaorekodi eneo lao rasmi tangu 1984, ilhali wengine hukataza kabisa. Kanuni ya mwenye kazi ndiyo ifuatwe.

Haki ya sita ni ya mwili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti ukumbini usizidi desibeli 100. Masikio yaliyoumizwa na kelele huenda yasipone, hivyo vizibo vivaliwe na mtu asisimame mbele ya spika. Shabiki ale, anywe maji, alale kabla ya onyesho, na ajue mapema treni au basi la mwisho la kumrudisha alikofikia.

Haki ya saba ni ya wasioweza kusafiri. Deadheads walinakiliana kanda bila kuuziana. Mgeni katika kundi alituma kanda tupu na gharama za posta, akarudishiwa muziki. Aliyejaliwa kwenda asijivune mbele ya waliokosa nauli wala viza. Awasimulie kwa ukweli alichokiona na kukisikia, awagawie kilichoruhusiwa kugawiwa, na awaeleze gharama, njia na taratibu kwa usahihi, ili anayejiwekea akiba leo asafiri kesho bila kudanganywa.