Akina Bukuru Wawili

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea kesho asubuhi katika kliniki ya wajawazito kati ya Kasulu na Kibondo.

Vijana watatu wa mjini walitengeneza programu huria ya kuandikisha wajawazito. Walikuwa makini. Walitumia Cucumber, zana aliyoianzisha Aslak Hellesøy wa Norway mwaka 2008. Ndani yake tabia ya programu huelezwa kwa sentensi za kawaida: ikiwa hali ni hii, mtumiaji akifanya hivi, basi itokee hivi. Kompyuta huzipima sentensi hizo upya kila msimbo unapobadilishwa. Sentensi yao moja ilisema: ikiwa majina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana, basi huyo ni mtu mmoja, taarifa ziunganishwe. Majaribio yote yakapita.

Hakuna aliyemsomea muuguzi wa Buha, nchi ya Waha, sentensi ile. Angeikataa papo hapo. Kwa Waha, kama kwa jirani zao Warundi, pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kwa hiyo akina Bukuru ni wengi. Na mama asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari 1, maana fomu haikubali nafasi tupu.

Wakaja Bukuru wawili, umri mmoja, baba zao wote Yohana. Programu ikawafanya mtu mmoja, na zikabaki taarifa za aliyeandikishwa mwisho: mimba ya kwanza, hajawahi kupasuliwa. Mwenzake alishajifungua kwa upasuaji, na mama wa namna hiyo hapaswi kujifungulia zahanati. Huyo mwenzake alipolala kitandani kupimwa, mkunga aliona kovu chini ya kitovu. Akaangalia skrini, akaangalia kovu, akaomba kadi ya kliniki. Siku hiyohiyo alimwandikia rufaa ya hospitali, na zahanati ikarudi kwenye rejista za karatasi za MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya.

Zana haikukosea. Hellesøy mwenyewe aliandika mwaka 2014 akisikitika kwamba watu wameifanya Cucumber chombo cha kupimia tu, ilhali aliikusudia iwakutanishe wanaoijua kazi na wanaoandika msimbo. Jaribio lililopita huthibitisha kwamba programu inafanya alichodhani mwandishi wake, basi. Nalisema kwa uchungu kwa sababu Tanzania imekwisha kuegemea programu huria: takwimu za vituo vya afya hupita kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Ninyi mnaoandika programu hizi, pelekeni sentensi zenu kliniki kabla ya msimbo. Msomeeni mkunga moja moja, kwa Kiswahili. Akisema "huku si hivyo", maneno yake yaandikwe kuwa jaribio, na akiridhia, jina lake liingie katika orodha ya wachangiaji wa mradi.