Makapi na Udongo

Je, kitu kinachoteketea ili kingine kipate kuwa kizuri kimepotea bure? Njoo, msomaji, tulitazame swali hili katika kazi ya mfinyanzi.

Mfinyanzi huutwanga udongo na kuuchekecha, kisha mara nyingine huuchanganya na vitu ambavyo mpita njia huviita takataka: makapi ya nafaka, majani makavu, unga wa mbao, au samadi iliyokauka. Vitu hivi hupunguza kunata kwa udongo na huusaidia ukauke bila kupasuka. Chombo kinapotiwa motoni, makapi huungua yote, na mahali pake hubaki vitundu. Chombo hutoka chepesi, na uso wake una vishimo ambavyo kidole huvitambua.

Huenda ukasema kwamba makapi yamekwisha, na vishimo ni kasoro. Usifanye haraka kuhukumu. Katika mwaka 1981, nchini Guatemala, Fernando Mazariegos alibuni chujio la maji la udongo. Udongo wa machujio ya namna hiyo huchanganywa na unga wa mbao au kumvi za mpunga, ukachomwa kwa joto lipitalo digrii 800. Vitundu vinavyobaki hupitisha maji polepole, kiasi cha lita 1 hadi 3 kwa saa, na huwazuia bakteria wengi waletao maradhi. Fedha kidogo inayopakwa chomboni husaidia kuwaua. Ondoa kumvi tangu mwanzo, nawe utapata chungu kizuri kisichoweza kumpa mtu maji ya kutosha. Kinachofanya kazi hapa ni nafasi ya kitu ambacho hakipo tena.

Tena, kilichoungua huweza kutoa ushahidi. Mashariki mwa Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wafinyanzi walichanganya makapi ya mtama na udongo wao. Makapi yaliteketea, lakini udongo ulilishika umbo lake. Katika mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi wa alama hizo, wakaonyesha kwamba mtama wa huko ulikuwa umekwisha kuanza kubadilika kwa kulimwa na binadamu. Majina ya wakulima wale hayakuandikwa popote, lakini alama za makapi yao zinawashuhudia.

Basi ni rahisi kukata shauri kwamba hakuna kujitoa kunakopotea. Lakini hapa, msomaji, yafaa tusimame. Makapi hayakuulizwa kama yataka kuungua, wala hayana kinywa cha kujibu. Mtu anacho kinywa. Fikiri nyumba ambayo binti ameondolewa shuleni ili karo ipatikane kwa ajili ya ndugu yake wa kiume. Miaka ikapita, ndugu akawa mganga hodari, akaponya wengi. Majirani husema, "Yule dada hakupotea bure." Maneno yao yaweza kuwa kweli kwa upande wa wagonjwa, lakini je, dada aliulizwa? Kama alitoa kwa hiari yake, tendo lake ni ukarimu mkubwa. Kama alinyang'anywa, tendo lile ni dhuluma, na uzuri wa chombo hauwezi kuifuta dhuluma iliyokifinyanga.

Hata mfinyanzi mwenyewe hajiamulii ovyo. Ana kipimo chake: makapi yakizidi, chombo huwa dhaifu, kikavunjika mkononi. Vivyo hivyo jamaa au taifa lisilokoma kuwadai watu wale wale wateketee kwa ajili ya wengine hudhoofika siku hata siku, ijapokuwa kwa nje laonekana zima.

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Anayewafanyia wengine vyombo vyema hula katika kigae. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kucheka, lakini imebeba deni ndani yake. Wewe unayesoma leo umefika hapo kwa jasho la watu fulani. Wajue. Waulize walikuwa wakitamani nini kabla ya kukupa wewe nafasi yao. Na kama yupo miongoni mwao ambaye hakuulizwa, na bado yu hai, usimtoshee kwa shukrani za maneno. Tafuta njia ya kumrudishia fungu lake maadamu wakati ungalipo.