Kila Mja na Mlango Wake wa Kheri

Wako waja wanaotamani kutenda kheri kisha wasiitende, kwa kuwa macho yao yako kwenye kheri ya wenzao. Fulani amejenga msikiti. Wao hawana mali, basi hukaa tu. Huko ni kujidhulumu nafsi.

Na atazamwe Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, rahimahullah, aliyewaongoza Maibadhi wa Basra baada ya Imamu Jabir bin Zayd. Alikuwa msusi wa makapu, hata akaitwa al-Qaffaf, na kifungo cha Hajjaj alikionja. Alichokuwa nacho ni elimu na subira ya kufundisha. Basi akasomesha kwa siri, mbali na macho ya watawala. Wanafunzi wake wakaichukua elimu hiyo hadi Oman, Yemen na Maghribi, na mmoja wao, Abdulrahman bin Rustam, akawa Imamu wa Tahert, katika Algeria ya leo. Mwalimu mwenyewe alibaki Basra na makapu yake.

Ni kweli, si kila mtu ana elimu kama hiyo. Lakini bibi aliyehifadhi sura chache tu, naye anaishi na wajukuu, darasa lake limo nyumbani tayari. Na mwenye gari huenda jirani yake mgonjwa anangoja wa kumfikisha hospitali.